Mjadala: Hesabu za darasani zinamfaa nini mkulima wa korosho?

Ndugu zangu wa Kusini, juzi kijiweni hapa Newala mzee mmoja alisema shule inamfundisha mtoto kufaulu mtihani, haimfundishi kuishi. Wengi wakamwitikia. Mimi nakataa.

Chukueni kangomba, yaani kumuuzia mnunuzi korosho kabla hazijavunwa, kwa bei ya chini. Imekatazwa, lakini ipo. Mwezi wa saba mfuko umekauka, mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua, na mnunuzi anabisha hodi na fedha mkononi. Tuseme anakupa shilingi 1,000 kwa kilo, na mwezi wa kumi mnadani kilo inakwenda 2,000. Ukipokea 100,000 leo, utamkabidhi korosho za 200,000. Riba ya asilimia 100 kwa miezi mitatu! Na wengine hata mizani hawana, wanapima kwa bakuli. Riba inafundishwa shule ya msingi, ila mkopaji wa kitabuni ni mtu wa benki ambaye mtoto hajawahi kumwona. Mwalimu akiandika ubaoni kilo na kangomba, hesabu hiyo itafika nyumbani jioni ileile.

Stakabadhi ghalani, yaani kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi na kulipwa baada ya mnada, tunayo tangu 2007, na bado inatuponza. Mjomba wangu alisikia bei ya mnada, akaizidisha kwa kilo zake, akakopa mabati. Ushuru, ghala, usafirishaji, vyote hakuvitoa kwenye hesabu yake. Malipo yalipoingia hayakutosha deni, na msimu mzima hakulala vizuri. Kutoa alijifunza tangu darasa la pili. Hakuna aliyemwonyesha kwamba ndiko huku.

Mama wa Tandahimba: Mwanangu, riba tunaijua. Mume wangu aliishia darasa la nne na magunia anayapigia hesabu kichwani. Lakini mtoto akiumwa mwezi wa saba, utamwambia asubiri mnada? Kinachouza ni shida, si ujinga. Na kijana wangu wa kidato cha nne kachukua kangomba vilevile.

Mwanzisha mada: Shikamoo mama. Hapo umesema kweli, na inauma. Hesabu hailipi dawa. Ila nimeona mtu mwenye shida ya 40,000 akipokea 200,000 kwa sababu tu fedha imeletwa mlangoni. Angeuza kilo 40, nyingine 160 zingemngoja mnadani. Hapo ndipo ninapoitaka shule.

Walimu mliomo humu, nani amewahi kuingia darasani na stakabadhi ya korosho? Watoto walisemaje?