Mgonjwa wa kusafishwa damu anatoka Chanika, mnampelekaje Muhimbili?

mjukuu_chanika: Wakuu naombeni ushauri, bi mkubwa figo zimegoma, ameanza kusafishwa damu kwa mashine hospitali ya Muhimbili mara tatu kwa wiki na sisi tunakaa huku Chanika pembezoni mwa Dar, mguu mmoja mzito kwahiyo daladala ya asubuhi hawezi kuigombania, boda ndo siwezi kabisa kumpakia, na teksi kwenda na kurudi inatumaliza. Bima inalipa matibabu ila nauli ni juu yetu. Nyie mnafanyaje?

mzee wa kimara: Pole mkuu. Huku angalau tuna mabasi ya mwendokasi tangu 2016, kituo kimelingana na mlango wa basi hata wheelchair inaingia, ila asubuhi kujaa kwake usiombe, na mvua ikinyesha Jangwani pakijaa maji safari imeishia hapo.

Sista_Temeke: Mwambie daktari wake mnatoka wapi, wengi hawasemi. Ulizia kama kuna hospitali ya karibu inayotoa huduma hiyo ahamishiwe, au aombe zamu ya mchana foleni ikiwa imepungua. Pitieni na ustawi wa jamii hapohapo hospitali.

kgmb: Kigamboni nako tunasubiri kivuko na mgonjwa mkononi, darajani gari inalipia. Hospitali kubwa ziko mjini, kodi nafuu iko pembeni, hesabu ndo hiyo.

mjukuu_chanika: Asante sista, zamu sikujua kama inaombwa. Kuna mtu ana bajaji ya mkataba kwa mwezi upande wa Pugu? Njoo PM tuongee bei.