Sanduku la nyaraka za enzi za Mjerumani, Muheza na Korogwe: nianzie wapi bila kuziharibu?

Karani_wa_Bonde

Wakuu habarini. Kuna sanduku la bati lenye karatasi zipatazo 340 za miaka ya mwanzo ya reli na mashamba ya mkonge upande wa Muheza na Korogwe. Ndani kuna stakabadhi za kodi, vipande vya kazi (kadi za kuhesabia siku za kazi), barua za khati ya Kiarabu, barua za Kijerumani za mkono na picha kama ishirini. Baadhi zimeshikana kwa unyevu, chache zina ukungu, na pini zimeshika kutu. Kuna anayeshauri zote zipigwe laminesheni, mwingine anasema zianikwe juani kwanza.

Maswali yangu ni matatu. Nianze na nini? Nizipige picha vipi kwa simu tu, maana skana sina? Na zile zisizo na mwaka, nitajuaje ni za lini?

Mtunza_Karatasi

Laminesheni usithubutu. Ile plastiki inayeyushiwa ndani ya karatasi kwa moto na haitoki tena, na asidi iliyomo inabaki imefungiwa humo. Selotepu nayo ni hivyo hivyo: gundi yake huwa ya njano, inazama kwenye nyuzi, kisha plastiki inabanduka na kuacha doa la mafuta. Juani pia hapana. Jua la Tanga saa mbili tu linatosha kukunja karatasi na kufifisha wino wa zambarau wa mihuri.

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, zenye ukungu zitenge siku hiyo hiyo. Ziweke kivulini penye upepo, kila karatasi juu ya karatasi nyeupe isiyo na maandishi, mpaka ukungu ukauke uwe unga. Ukiwa bado mbichi usiuguse, utaupaka tu. Ukishakauka toka nje, vaa barakoa nzito (si ya kitambaa), na ufagie kwa brashi laini ya rangi ya maji, kutoka katikati kwenda pembeni, upepo ukiwa mgongoni.

Pili, wadudu. Ukiona vitundu vya duara au unga mpya chini ya sanduku, funga karatasi kavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiutoa, usiufungue kwa saa 24. Ukiufungua ukiwa wa baridi, jasho litatua juu ya karatasi na umerudi kwenye ukungu. Picha na vioo vya negativu visiingie friza. Na dawa ya kupuliza ya mbu haina kazi hapa, inaacha mafuta.

Tatu, pini. Usivute. Kata ukanda mwembamba wa plastiki ngumu, upenyeze kati ya pini na karatasi upande wa mbele, mwingine upande wa nyuma, ndipo uinue miguu ya pini kwa kisu butu. Kutu imeshaila karatasi pale, ukivuta unaondoka na tundu.

Zilizoshikana ziache za mwisho. Nyingi huachia zenyewe zikikauka taratibu. Zisipoachia, piga picha upande unaoonekana na uziweke kando. Usitie maji, kwa sababu mbili. Wino wa kahawia wa zamani una chuma na asidi, ukilowa unasambaa na kutoboa karatasi kwa kufuata herufi (geuza karatasi, utaona herufi zimetokea nyuma kama zimeunguzwa). Na makarani wa wakati ule walipenda penseli ya kopi, ambayo ikikauka ni ya kijivu kama penseli ya kawaida, ikipata tone moja inageuka zambarau na kutiririka.

Jambo ambalo wengi hulikosea mapema kuliko yote: usipange upya. Kama kipande cha kazi kilikuwa ndani ya barua, mahali pale ndipo penye ushahidi wa mwenyewe ni nani. Toa karatasi moja moja kutoka juu, ipe kila moja namba kwa penseli laini ya 2B kwenye kona ya chini nyuma, kwa mkono mwepesi. Kalamu ya bik isikaribie meza hiyo.

bati_la_mkonge

Kwa simu inawezekana kabisa, ila programu zile za "kuskani" zikwepe. Zinafanya karatasi iwe nyeupe na maandishi yawe meusi, na katika kufanya hivyo zinafuta muhuri uliofifia, alama ya maji na penseli. Tumia kamera ya kawaida.

Hesabu yake: kamera ya megapikseli 12 inatoa pikseli 4000 kwa 3000. A4 ina urefu wa inchi 11.7, kwa hiyo ikijaa fremu unapata kama nukta 340 kwa inchi. Hiyo inatosha kwa maandishi. Kwa picha haitoshi, zile ishirini zipeleke kwenye skana ya kulaza, nukta 600, kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe.

Mpangilio wa meza: karibu na dirisha lisiloingia jua moja kwa moja, mwanga ukitokea ubavuni, flashi imezimwa. Simu iwe juu ya kitu kisichotikisika, sambamba kabisa na meza. Kuna njia ya kupima: weka kioo kidogo kilichotandazwa pale karatasi itakapokaa, ukiona lenzi ya simu katikati kabisa ya skrini, imenyooka. Tumia kihesabu cha sekunde 3 ili kidole kisitikise. Weka rula ya sentimita pembeni mwa kila karatasi, iingie kwenye picha. Piga mbele NA nyuma, hata nyuma ikiwa tupu. Hapo utakuwa na picha 680.

Jina la faili liendane na namba ya penseli: 001a mbele, 001b nyuma. Usiweke maelezo kwenye jina la faili, yaweke kwenye jedwali. Safu zinazotosha: namba, tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe ya Masihi, aliyeandika, aliyeandikiwa, lugha na mwandiko, mahali, muhtasari wa mstari mmoja, hali ya karatasi, mahali ilipokuwa ndani ya sanduku. Safu ya pili na ya tatu zisichanganywe kamwe. Ukisharekebisha tarehe ya mwandishi bila kuiacha ya kwake, kosa lako halitaonekana tena.

Ukiazima skana baadaye, A4 moja ya rangi kwa nukta 400 isiyobanwa ni kama megabaiti 46. Mara 680 ni karibu gigabaiti 31. Kwa hiyo nakala tatu: moja kwenye diski ya nje, moja kwenye kompyuta, moja nyumba nyingine kabisa au mji mwingine. Flashi ya USB usiihesabu kama nakala. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha inabanwa mpaka herufi zinavimba.

Khati_ya_Pwani

Nijibu upande wa tarehe na barua za khati, maana hapo ndipo watu wanaandika vioja.

Namba: kwenye tarakimu za khati, kiduara ٥ ni TANO, sifuri ni nukta ٠. Kila anayeanza husoma rupia 15 kama rupia 10.

Miezi: waandishi wa pwani mara nyingi hawaandiki Shawwal, wanaandika Mfungo Mosi. Mfungo Pili, Mfungo Tatu, kisha Mfungo Nne ndiyo Muharram. Ina maana mwaka wa Hijria unabadilika kati ya Mfungo Tatu na Mfungo Nne, si kabla ya Mfungo Mosi. Ukilikosa hilo unakosea mwaka mzima.

Kugeuza mwaka kwa haraka: gawanya mwaka wa Hijria kwa 33, toa jibu kwenye mwaka ule ule, ongeza 622. Mfano 1321: ukigawa unapata 40, 1321 toa 40 ni 1281, ongeza 622 ni 1903. Barua ya tarehe 12 Mfungo Sita 1321 inaangukia kama 8 Juni 1903. Andika "kama", kwa sababu mwezi ulionekana kwa macho na siku moja huku au huku ni kawaida. Ikiwa barua imetaja siku ya wiki, tumia hiyo kusahihishia. Ila kumbuka siku inaanza magharibi: "usiku wa Jumatatu" ni ule tunaouita leo Jumapili usiku.

Herufi: khati ya zamani haikuwa na p, na sauti ya n au m mbele ya konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Mbuzi inaonekana "buzi". Pangani inaandikwa kwa be na ghaini, ukiisoma kavu unapata "baghani" na kwenda kutafuta mji usiokuwepo. Kwa hiyo andika mistari miwili: wa kwanza herufi kwa herufi kama ulivyoiona, wa pili unavyodhani inasomeka. Usitupe mstari wa kwanza.

Reli_ya_Tanga

Kwa zisizo na tarehe kabisa, tafuta mipaka miwili: haiwezi kuwa kabla ya lini, haiwezi kuwa baada ya lini. Fedha ndiyo kipimo cha haraka. Rupia ya Mjerumani ilikuwa na pesa 64 mpaka mfumo wa heller ulipoanzishwa 1904, rupia moja kwa heller 100. Hesabu yenye heller basi si ya kabla ya hapo. Noti za muda za kuchapwa hovyo kwenye karatasi za kila aina ni za vita, kuanzia 1915. Shilingi ni kuanzia 1921 na kuendelea. Lakini watu waliendelea kuhesabu kwa mazoea ya pesa baada ya 1904, kwa hiyo neno "pesa" peke yake halithibitishi kitu.

Stakabadhi ya kodi ya nyumba: kodi yenyewe ilianza kutozwa 1898.

Reli: ujenzi ulianza Tanga 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Barua inayosema mzigo umeshushwa stesheni ya Korogwe ina mpaka wake hapo.

Mkonge una mtego. Ule wa mashambani uliletwa na Richard Hindorf 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai kati ya elfu moja. Lakini neno mkonge ni la zamani kuliko mmea huo, lilikuwa jina la mmea wa porini wa kusokotea kamba. Kwa hiyo "kamba za mkonge" kwenye barua ya kale si kosa wala si ushahidi wa shamba.

Vipande vya kazi vya Kijerumani: hesabu visanduku. Vingi ni vya siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda, na siku ambayo kazi haikutimia haikutiwa alama. Ukiandika kwenye jedwali lako "alifanya kazi mwezi mmoja" umekosea.

Ukitafuta majina kwenye magazeti au mafaili ya Kijerumani, geuza tahajia: Muhesa, Moschi, Bagamojo, Muansa. Lushoto utaipata kwa jina la Wilhelmstal. Usambara-Post, gazeti la Tanga, limewekwa mtandaoni na maktaba ya taifa ya Berlin. Picha za enzi hizo zipo nyingi kwenye mkusanyo wa chama cha makoloni ulioko Frankfurt, unafunguka bure. Faili za serikali zenyewe ziko Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, Upanga. Nenda na orodha ya majina na miaka, usiende na "historia ya Muheza".

Karani_wa_Bonde

Shukrani sana wakuu. Nimebakiza mawili. Zikishapigwa picha zihifadhiwe kwenye nini, maana maboksi maalumu huku hayapo? Na kuna karatasi tatu za Kijerumani zimeandikwa juu Freibrief, na chini kuna jina la mtu na alama ya dole gumba. Nilitaka kuziweka hapa mtusaidie kusoma.

Mtunza_Karatasi

Kuhifadhi: karatasi nyeupe ya kawaida ya fotokopi, rimu mpya, nyingi siku hizi haina asidi. Ikunje iwe jalada, ndani ziingie karatasi zisizozidi kumi, namba ziandikwe juu kwa penseli. Bahasha za kaki na magazeti hapana, hayo ndiyo yanayogeuza karatasi kuwa ya njano. Sanduku la bati linafaa kama ndani halina kutu: lisugue, litandike shuka ya pamba iliyofuliwa bila dawa ya kung'arisha. Lisikae sakafuni wala kugusa ukuta, liinue sentimita 15 juu ya mbao, na miguu ya mbao iwe ndani ya makopo yenye mafuta kidogo kwa ajili ya mchwa. Lifunguliwe kila mwezi, na kwa masika kila wiki. Picha kila moja na jalada lake, zisikae uso kwa uso.

Khati_ya_Pwani

Hizo tatu USIZIWEKE HAPA. Freibrief ni hati ya huru, aliyopewa mtu aliyekuwa mtumwa. Jina la hapo ni babu au bibi wa mtu anayeishi leo Bonde au Pangani, na yapo maneno ya nani alitoka wapi ambayo bado yanavunja posa na kuamsha kesi za mashamba. Kisheria utumwa Tanganyika ulifutwa 1922 tu, si mbali.

Zipige picha kama nyingine, ila kwenye jedwali weka namba na aina ya hati, jina liache kwenye faili la pembeni lenye nywila. Kama ukoo unajulikana, mzee wao aone kwanza, pembeni, si mbele ya watu. Kusoma si kazi kubwa: sehemu iliyochapwa ni ile ile kwa zote, la mkono ni jina, kabila, mahali, tarehe na sababu ya kuachiwa huru. Andika hapa ile sehemu iliyochapwa tu, nitakuonyesha neno la sababu linakaa mstari gani, umalizie mwenyewe. Kwenye mwandiko wa zamani wa Kijerumani, herufi e inafanana na n, na u ina kikonyo juu. Ukizijua hizo mbili nusu ya neno imesomeka.