Mpiga picha kutoa rangi kwenye picha za familia bila kuuliza: ni ufundi au ni dhulma?

Umm Salim wa Kuze
Assalaam aleikum jamaa. Tulimwita binti mmoja atupigie picha za arusi ya mwanangu, upande wa wanawake. Si zile za kupangwa mstari, tulitaka za kushtukiza: watu wanakula, mabibi wanacheka, watoto wamejificha chini ya meza. Kazi kaileta, sura zimetoka, lakini karibu zote kazigeuza nyeusi na nyeupe. Hakuuliza mtu. Bibi arusi kafunikwa kisutu, ile kanga ya arusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, na kwenye picha utadhani kafunikwa gunia la makaa. Namwambia nirejeshee rangi, anijibu ndio mtindo, rangi huua hisia. Mimi nasema picha ya familia ni ya familia. Mwaonaje?

Fundi wa Majengo
Shikamoo mama. Kazi hii ndiyo inayonilisha. Picha ya kushtukiza huwezi kuipanga: nyuma pana ndoo ya kijani, hema la manjano, taa ya buluu imempiga mtu shavuni. Ukitoa rangi, jicho laenda usoni moja kwa moja. Binti alipokosea ni kuiachia programu ifanye hesabu yake. Katika kupima mwangaza wa picha, hesabu ya kawaida huipa kijani asilimia 59, nyekundu 30, buluu 11. Kwa hivyo wekundu wa kisutu hushuka mpaka ukakaribiana na weusi wake, na maua yote yakapotea. Angeupandisha wekundu kiasi, rangi tatu za kisutu zingekaa mbalimbali na ngozi ingeng'aa. Mtazameni Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake 1948. Nguo zenye maua mbele ya shuka lenye maua, na kila ua laonekana wazi. Huo ndio ufundi, si zile picha za vibanda vya feri ya Likoni, maua ya plastiki na pazia lililochorwa meli.

Mzee wa Makadara
Kijana, Keïta hakutoa rangi. Alichokuwa nacho ni filamu nyeusi na nyeupe, akaipanga taa na nguo akijua kitakachotoka. Studio ya Parekh hapa hapa Mombasa ilifanya vivyo hivyo, na nyumba nyingi za Mji wa Kale zina picha zake mpaka leo. Huyu binti alikuwa na rangi mkononi, akaitupa.

Binti Bondeni
Kwetu picha nyeusi na nyeupe ukutani ni za waliotangulia. Nilimtengenezea mamangu moja hivyo siku ya Idi, akaniuliza kama namuombea kifo. Nikaishusha siku hiyo hiyo.

Mtoto wa Ferini
Fundi wa Majengo, rudi hapa. Babangu alilea watoto wake kwa hizo picha za maua ya plastiki. Mtu katoka bara, hajapata kuiona bahari, kapata kibarua bandarini. Anasimama mbele ya pazia, nyuma yake meli na minazi, picha inapelekwa kijijini mama yake ajue mwanawe yuko salama. Agosti 1997, vurugu za Likoni zilipolipuka, vibanda vikachomwa. Wewe umeketi na kompyuta yako watufundisha ufundi?

Fundi wa Majengo
Sikumtukana mzee wako. Nimetaja mtindo. Pazia lile laficha mahali mtu alipo, na mimi kazi yangu ni kuonyesha alipo.

Mtoto wa Ferini
Na kutoa rangi hakufichi? Ndoo ya kijani ndiyo nyumba yao! Lile hema wamelilipia!

Umm Salim wa Kuze
Jamaa, msinipotelee. Rangi yaweza kurudi ama hairudi?

Binti Bondeni
Mama, muulize kamera ilihifadhi faili gani. Kama aliiweka kwenye nyeusi na nyeupe tangu mwanzo na ikahifadhi JPEG peke yake, yaani picha iliyokwisha kukamilishwa, hairudi. Kama ana RAW, faili ghafi la kamera, rangi yote imo, au kama alipiga za rangi ndipo akazigeuza kwenye kompyuta, nakala za mwanzo zinakutosha. Zidai kabla hajazifuta. Nanyi wawili, mnaopigania rangi, mjue filamu za rangi zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kodak, watengeneza filamu, walikuwa na kadi ya kupimia rangi yenye mwanamke wa Kizungu, wakiiita Shirley. Kilio kilichosikika kwanza ni cha watengeneza chokoleti na samani, kwamba hudhurungi za bidhaa zao hazitoki sawa. Sisi na ngozi zetu tulingoja.

Mtoto wa Ferini
Babangu alilijua hilo bila kusoma kadi ya mtu. Mteja mweusi mwenye shati jeupe alikuwa akimgeuza ubavu, flashi isimchome shati ikamwacha uso giza. Hilo mwaliita si ufundi?

Fundi wa Majengo
Hilo ni ufundi. Pazia bado silipendi.

Mzee wa Makadara
Pazia uliache, lina wenyewe. Mimi linaloniuma ni jingine. Picha hizo za rangi zinakufa. Nyeusi na nyeupe za zamani, zenye madini ya fedha ndani yake, zimedumu, hizi rangi zake ni dawa zinazochujuka. Zangu za miaka ya themanini zimekuwa nyekundu tupu, watu hawajulikani. Mtoto wa Ferini, negatifu za mzee ziko wapi?

Mtoto wa Ferini
Zilizonusurika zimo kwenye bati la biskuti, Mtongwe, zinashikana kwa unyevu.

Mzee wa Makadara
Zitoe humo leo, mwanangu, wala usizibandue kwa nguvu. Aliye na mashine ya kunakili negatifu hapa Mombasa ajitokeze, nauli ya kuzivusha nitatoa mimi.

Fundi wa Majengo
Mashine ninayo. Sitaki pesa. Na rangi zake sitazigusa.

Mtoto wa Ferini
Nitakuja, lakini nitakaa pale pale nikikutazama.