Mwenye nyumba kabadilisha kitasa nikiwa kazini, niko Uingereza. Nifanyeje?

Mpangaji wa Mbali

Wakuu, habari zenu. Naandika nikiwa kwa rafiki yangu na kichwa hakijatulia, mnivumilie.

Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, viza yangu iko sawa, kodi ya chumba nalipa kila mwezi kupitia benki. Nyumba tunaishi wapangaji watupu, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu tunachangia. Mwenye nyumba anakaa kwake, mbali na hapo. Wakati wa baridi nilimwandikia kuhusu ukungu mweusi uliokuwa unapanda ukutani nyuma ya kitanda, nikamtumia na picha. Akajibu kama chumba kimenishinda nihame. Baadaye akataka kupandisha kodi, nikamkumbusha kuwa mkataba bado haujaisha.

Juzi natoka zamu ya usiku, ufunguo hauingii. Kitasa kipya. Nguo zangu zimejazwa kwenye mifuko myeusi ya taka nje ya mlango, mmoja umepasuka na sare za kazi zimelowa chapachapa. Pasipoti na vyeti vyangu vimebaki ndani. Nampigia, ananiambia mkataba kauvunja, na nikileta ubishi atawaita watu wa uhamiaji. Polisi nao wakasema hilo ni suala la madai kati yangu na yeye.

Je, ana haki ya kufanya hivi? Na hilo la uhamiaji lina ukweli wowote?

Mzee Kigoda

Pole sana mwanangu. Ushauri wangu: omba pasipoti yako kwa upole, chukua vitu, tafuta chumba kingine. Nyumba ya mtu ni ya mtu, na mcheza kwao hutunzwa. Wewe uko ugenini, ukianza kesi na wenyeji utapoteza muda na hata kazi.

Dada Wakili

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Ushauri huu ndio unaowapa nguvu wenye nyumba wa aina hii, kwa sababu wanajua mgeni ataogopa na kuondoka kimya.

Mpangaji, kwanza niambie: uko England, Scotland au Wales? Sheria za upangaji huko haziko sawa. Na je, kuna siku yoyote mwenye nyumba aliwahi kuishi humo na kutumia jiko hilo pamoja nanyi?

Mpangaji wa Mbali

England, dada. Hajawahi kuishi humo tangu nihamie.

Dada Wakili

Basi sikiliza vizuri. Kama ungekuwa unaishi nyumbani kwake na kuchangia naye jiko au bafu, ulinzi wako ungekuwa mdogo sana, angetakiwa tu kukupa muda wa kutosha uondoke. Wewe si huyo. Wewe ni mpangaji kamili, na kukutoa kuna njia moja tu: akupe notisi halali ya maandishi, muda wake uishe, aende mahakamani apate amri, na ukiwa bado umo ndani watumwe madalali wa mahakama. Akiruka hatua hizo akabadilisha kitasa, hiyo ni jinai chini ya sheria ya mwaka 1977, na adhabu yake inafika hadi kifungo cha miaka 2. Hata kama ungekuwa unadaiwa kodi, bado angelazimika kupita mahakamani. Hata kama mkataba wako ungekuwa wa mdomo.

Kwa hiyo polisi waliokujibu "madai" walikosea. Ukipiga tena, taja sheria kwa jina lake: Protection from Eviction Act 1977. Waombe namba ya kumbukumbu ya tukio na uiandike.

Ila usiwategemee polisi peke yao. Piga simu kaunsili, yaani halmashauri, ya eneo lako leo hii, useme umefungiwa nje na mwenye nyumba bila amri ya mahakama. Kaunsili nyingi zina ofisa anayeshughulika na migogoro ya wapangaji na wenye nyumba, na wao ndio wenye mamlaka ya kumshtaki. Mara nyingi simu moja ya ofisa huyo inatosha kumfanya mtu arudishe ufunguo.

Kijana wa Zamu

Sasa mambo ya simu ya nini? Ita fundi, vunja kitasa, ingia. Chumba ni chako.

Dada Wakili

Mdogo wangu, naelewa hasira yako, lakini Mpangaji akiingia kwa nguvu wakati kuna mtu ndani anayemzuia, yeye ndiye anaweza kukamatwa. Mpangaji, kuna njia safi zaidi: zuio la mahakama. Wakili anaweza kuomba mahakama ya kaunti imwamuru mwenye nyumba akurudishe ndani, na kwa jambo la dharura kama hili ombi linaweza kusikilizwa haraka sana, wakati mwingine siku hiyo hiyo. Gharama zinaweza kubebwa na msaada wa kisheria wa serikali ikiwa kipato chako ni kidogo. Wasiliana na Shelter au Citizens Advice, mashirika ya hisani yanayotoa ushauri, watakuelekeza kwa wakili anayefanya kesi za nyumba.

Mama Wawili

Pole mdogo wangu. Mimi niko huku miaka mingi na haya nimeyaona kwa watu wa karibu. Nikuongezee mambo ya ushahidi, maana hapo ndipo wengi wanakwama.

Piga picha kitasa kipya, mifuko ilivyo nje, zile sare zilizolowa. Andika orodha ya kila kilichobaki ndani. Jumbe zake zote za simu zihifadhi, hasa ule wa kukuambia uhame baada ya kulalamikia ukungu. Akikupigia, usibishane naye, kata kwa adabu, kisha mtumie ujumbe: "Umeniambia kwa simu kwamba umevunja mkataba na kubadilisha kitasa. Naomba unirudishe chumbani leo." Chochote atakachojibu ni ushahidi. Pakua taarifa ya benki inayoonyesha kodi ulizolipa. Waombe wapangaji wenzako waandike walichokiona, hata mistari miwili. Na ukilala hotelini au ukinunua sare mpya, risiti usitupe, hayo ni madai yako baadaye.

Kuhusu uhamiaji: anakutisha tu. Una viza halali, na kudai haki mahakamani si kosa la uhamiaji. Wala msaada wa kisheria haumo katika zile fedha za umma ambazo viza nyingi za kazi zinakataza. Kinachoweza kukwama ni ukiomba kaunsili ikupe makazi ya dharura, hapo viza itaangaliwa. Lakini kumshughulikia mwenye nyumba ni wajibu wao hata kama makazi hawakupi. Kwenye simu tenganisha mambo hayo mawili, vinginevyo atakayepokea atasikia neno viza na kukuambia hakuna msaada.

Mzee Kigoda

Marahaba binti. Nimesoma na nimejifunza. Mwanangu, fuata haya wanayokuambia.

Mpangaji wa Mbali

Asanteni sana, wakuu. Nimepiga kaunsili, nikasema maneno yale yale ya Dada Wakili. Ofisa akamwandikia mwenye nyumba barua pepe na nakala nikapata. Jioni mwenye nyumba akanitumia ujumbe nikachukue ufunguo. Nimeingia, pasipoti ipo, vyeti vipo. Ila kwa kweli nyumba hii sitaki kuendelea nayo, nasikia kila gari likisimama nje najiuliza kama ni yeye. Nikihama, dipoziti yangu itarudi? Nilimpa taslimu, risiti ninayo.

Dada Wakili

Usihame kabla ya kuzungumza na wakili, maana namna utakavyoondoka inaweza kugusa fidia yako. Unaweza kudai fidia kwa kufukuzwa kinyume cha sheria, na pia kwenda kwenye baraza la mambo ya nyumba kuomba urudishiwe kodi uliyolipa. Maombi hayo yana ukomo wa muda, usiyaweke kiporo.

Dipoziti: England mwenye nyumba alipaswa kuiweka kwenye mfuko wa kulinda dipoziti ulioidhinishwa na serikali ndani ya siku 30 tangu aipokee, na kukupa maelezo yake kwa maandishi. Mifuko iko mitatu: Deposit Protection Service, MyDeposits na Tenancy Deposit Scheme. Kila mmoja una ukurasa wa kukagua kwa jina lako, postikodi na tarehe ya mkataba. Kagua yote mitatu. Usipoiona popote, mahakama inaweza kumwamuru akurudishie dipoziti na juu yake akulipe kati ya mara 1 na mara 3 ya kiasi hicho. Piga picha za kurasa hizo zinavyoonyesha, na ile risiti ipige picha mbele na nyuma. Ukimaliza rudi hapa utuambie umekuta nini.