Eti "bangili"! Wakuu, nimedhalilishwa na saa yangu mkononi

Simba_wa_Zamu

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Mkiona herufi zimerukana msinisahihishe leo, nisahihisheni kesho.

Ni yule jamaa. Sina haja ya kumtaja, mnamjua wote. Yule anayevaa miwani ya jua zamu ya usiku. Yule mwenye saa ya rangi ya dhahabu yenye visaa vitatu vidogo ndani, vyote vimechorwa tu, havijazunguka tangu vizaliwe. Huyo huyo.

Tuko koridoni, pale penye taa moja inayopepesa, watu kama kumi na wawili (uzi huu ukifika mwisho watakuwa hamsini, nivumilieni). Akauliza, "Hivi saa ngapi?" Hata hakuniuliza mimi, aliiuliza hewa. Mimi na kiherehere changu nikapandisha mkono wa koti, nikamnyooshea mkono kama mtu anayesubiri kuvishwa pete.

Kioo kitupu. Kijivu. Hata nukta hakuna.

Jamaa akatazama. Akainama, akatazama tena. Akaigonga kwa ukucha, ko ko ko, kama anabisha hodi nyumba iliyohamwa. Kisha akageukia umati: "Jamani, mwenzetu kavaa bangili."

BANGILI.

Sekunde mbili, wakuu! Angesubiri sekunde mbili tu! Hii saa ina desturi ya kulala. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ikikaa gizani kama dakika sitini inazima kioo ili isile chaji bure, na ndani ya mkono wa koti ni giza kama ndani ya mtungi. Haijasimama, ndani inahesabu kama kawaida. Ukiitoa kwenye mwanga, au ukibonyeza kitufe chochote, au ukiigeuzia usoni kwako, inaamka, na kuamka kunaweza kuchukua hadi sekunde mbili. Binadamu akiamshwa anatumia muda gani? Yeye mwenyewe akiamshwa kwenye kiti cha zamu anamaliza robo saa akiuliza leo ni siku gani!

Na iliamka! Ikaandika 23:41 na sekunde zake, nyeusi tii, hakuna kipofu wa kuikosa. Nani kaangalia? Watu wameshika mbavu. Nimebaki nimeuinua mkono juu, "oneni basi, saa tano na dakika arobaini na moja!", kama mtoto wa shule anayeomba ruhusa ya kwenda chooni.

Bangili. Saa inayokula jua, haijui fundi wa betri anakaa wapi. Saa inayopokea muda kwa redio kutoka kwenye saa za atomi, zile za sesiamu, ambako sekunde moja ni mitetemo 9,192,631,770, wala si 9,192,631,769! Babu wa saa hizi za G-Shock alitoka 1983. Mhandisi wa Casio, Kikuo Ibe, saa aliyopewa na baba yake ilimwanguka ikasambaratika, akaapa kutengeneza isiyovunjika: ianguke mita 10, ihimili maji kwa shinikizo la bar 10, betri iishi miaka 10. Akawa anatupa sampuli kupitia dirisha la choo cha ghorofani, moja baada ya nyingine, karibu 200. Mtu mzima katupa saa 200 dirishani ili leo jamaa wa miwani aje kuigonga kwa ukucha. Ko ko ko!

Tangu usiku huo sina jina. "Bangili, lete funguo." "Bangili, sogea." Asubuhi natoka, mlinzi wa getini ambaye hata hakuwepo ananiambia "kwaheri, Bangili." Habari ilifika getini kabla yangu, na mimi nilitembea haraka.

Naombeni ushauri. Au acheni ushauri, mlaanini tu.

Kiti_cha_Mbele

Nimeshakaa. Endeleeni.

MtuMzima_

Mkuu, nisaidie hesabu. Ndani ya sekunde mbili jamaa katazama, kainama, katazama tena, kagonga mara tatu, kageuka, katoa hotuba. Huyo hafai kulaaniwa, huyo apelekwe kwenye mbio za mita mia.

Simba_wa_Zamu

MtuMzima, ulikuwepo? Hukuwepo. Aligonga. Kwa ukucha!

FundiVioo

Pole kaka, lakini kosa ni lako. Umesema mwenyewe inaamka ukiigeuzia usoni kwako. Wewe umemgeuzia yeye, mkono umenyooka kama unapimwa presha. Saa ikajiuliza, huyu ananiamsha au ananitoa sadaka? Tena una vitufe vinne. Vinne! Hata kimoja hukukiona?

Swali la kitaalamu: chaji ilikuwa inasoma H (juu), M (kati) au L (chini)?

Simba_wa_Zamu

H.

FundiVioo

Kaka.

Simba_wa_Zamu

M. Lakini M ya juu. Na hilo halihusiani na bangili!

FundiVioo

Linahusiana. Saa ya sola haitaki kuishi ndani ya koti kama popo. Usiku zamu, mchana umelala na mapazia umefunga, nayo umeiacha kwenye droo. Ikishuka chini ya L kweli itazima, na hapo sekunde mbili zako hazitakuokoa. Iweke dirishani, usiianike juu ya kitu cha moto, basi.

Popo_wa_Mchana

Tuacheni popo nje ya hili.

Msomi_wa_Mawimbi

Nimesoma hadi kwenye sesiamu nikasimama. Ndugu mleta uzi, saa za namna yako husikiliza vituo sita: Mainflingen kule Ujerumani kwenye kilohezi 77.5, Anthorn Uingereza na Fort Collins Marekani, vyote 60, Shangqiu China 68.5, halafu Japani wana viwili, 40 na 60. Wimbi la Mainflingen hufika kama kilomita 2,000 hivi, na husafiri vizuri zaidi usiku, ndiyo maana saa inaanza kujaribu saa sita usiku, inarudia kila saa mpaka ipate au mpaka saa kumi na moja alfajiri ikate tamaa. Ujumbe wenyewe unakuja taratibu kama barua ya zamani, alama moja kwa sekunde, dakika nzima ndipo umepata saa na tarehe. Ukiwa mbali na vituo hivyo unabaki na kwotzi ya ndani, kile kijiwe kinachotetemeka kuhesabu sekunde, ambayo inaruhusiwa kupotea hadi sekunde 15 kwa mwezi. Kama saa ya mtu yeyote.

Sasa tuambie bila hasira. Mara ya mwisho imepokea lini?

Simba_wa_Zamu

Tusihame kwenye mada. Mada ni bangili.

MtuMzima_

Haijawahi kupokea, hahahaaa!

Simba_wa_Zamu

Imewahi. Nilikuwa safarini. Mara moja.

Popo_wa_Mchana

Kwa hiyo kila usiku saa yako inabisha hodi mara sita na hakuna anayefungua. Yule jamaa kabisha mara tatu tu ukamfungulia uzi.

Kiti_cha_Mbele

Nimeanguka kwenye kiti. Popo umeua.

Simba_wa_Zamu

Cheka, Popo. Kwa taarifa yako sekunde zangu ziko sawa kuliko za kila mtu humu. Kuna programu ya simu inayopiga mlio fulani, masikio yetu hayausikii vizuri, saa inadhani ni mnara wa Japani. Naiweka juu ya spika, dakika chache imejirekebisha. Sasa hapo bangili iko wapi?

Msomi_wa_Mawimbi

Ngoja nielewe. Saa ya atomi inadanganywa na spika ya simu, nawe umeivaa kifua mbele?

Simba_wa_Zamu

Haidanganywi. Inasaidiwa.

MtuMzima_

Na simu hiyo ilikuwa wapi wakati jamaa anauliza saa?

Simba_wa_Zamu

Mfukoni.

MtuMzima_

Haya.

Dada_Mshale

Kaka Bangili pole sana (samahani, jina limekaa). Yako imelala sekunde mbili unalia hivi. Njoo uone saa janja ya mume wangu. Kila jioni iko kwenye chaja, kwa hiyo muda wote tukiwa pamoja mkono wake mtupu, ananiuliza mimi saa ngapi. Usiku inawaka yenyewe chumba kizima kama gari linaingia. Juzi niliijaribu mimi, ikaniambia nisimame, nimekaa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi napiga pasi mashati yake!

Kiti_cha_Mbele

Dada, fungua uzi wako, huu nauona mtamu zaidi.

Dada_Mshale

Nafungulia hapa hapa. Na haina hata adabu ya kulala, ikiisha chaji inakufa na muda wote inausahau. Ya Simba angalau imezima uso tu, ndani inahesabu.

Simba_wa_Zamu

ASANTE dada. Ndicho ninachosema. Ndani inahesabu. Mtu akifumba macho unamwita maiti? Ila ukucha, dada, ule ukucha sitausahau.

Mzee_Saa_Sita

Vijana mna shida ndogo. Nina langu la muda mrefu, nalitoa hapa. Hizi saa za tarakimu zimeharibu lugha. Mtu anaona 4:00 anaandika "kikao saa nne." Nimefika saa nne asubuhi, nimekaa peke yangu na mfagiaji, kumbe alikuwa na maana ya saa kumi jioni. Alisoma kama ilivyoandikwa! Zamani saa ya mishale ilikuwa inakufundisha akili: mshale mfupi uko kwenye kumi, wewe unatazama namba ya upande wa pili, nne, basi ni saa nne. Sasa tarakimu haina upande wa pili. Mleta uzi anajitahidi, kaona 23:41 kasema saa tano na dakika arobaini na moja. Wengine wangekwambia saa ishirini na tatu bila aibu.

Dada_Mshale

Mzee umenigusa. Mimi nilikosa basi kwa hiyo hiyo.

MtuMzima_

Mimi nilikosa usaili. Saa mbili iliyokuwa ya mchana nikaenda saa mbili asubuhi, nikaambiwa nisubiri, nikachoka nikaondoka saa saba na nusu. Nusu saa tu.

Popo_wa_Mchana

Afadhali wewe. Mimi nilimpigia simu bosi usiku wa manane nikimwambia niko mlangoni.

Mzee_Saa_Sita

Baba yangu alimaliza tatizo. Aliirudisha saa yake nyuma saa sita kamili, akawa anasoma moja kwa moja. Hadi anazikwa hakukosea miadi.

Msomi_wa_Mawimbi

Mzee, hiyo kwenye saa ya redio haiwezekani. Utairudisha jioni, usiku mnara unaisahihisha, asubuhi umerudi ulikotoka.

Popo_wa_Mchana

Kwa Bangili inawezekana. Mnara upi utaisahihisha?

Simba_wa_Zamu

Naona hata humu mmehamia upande wake. Nimekuja na kidonda, mnatia chumvi. Leo jioni naingia zamu, nimeshaamua: koti naliacha nyumbani, mkono wazi, baridi initafune. Nikimwona tu nabonyeza taa kabla hajafungua mdomo.

FundiVioo

Au mwache aulize tena, umwambie "tazama yako." Visaa vitatu vya kuchora, atakujibu nini?

Simba_wa_Zamu

Nimefikiria hilo jibu saa nane baadaye, kaka. Nikiwa kitandani. Limekuja tamu kabisa, hakuna wa kumwambia.

Kiti_cha_Mbele

Jibu nalo lilikuwa limelala. Mpe sekunde mbili.

Mgeni_Jana

Habari wakuu, mimi ni mgeni humu, sijasoma kurasa zote. Nina saa kama hiyo, mkanda wake wa plastiki umepasuka pale kwenye tundu la pili. Naweza kugundisha kwa gundi ya kawaida?

FundiVioo

Usigundishe. Gundi inakauka ngumu, mkanda unajikunja, siku tatu umepasuka pembeni yake. Badilisha mkanda mzima. Soma namba iliyoko mgongoni mwa saa, mkanda unauzwa kwa namba hiyo, usinunue kwa kukadiria kwa macho.

Dada_Mshale

Mimi niligundisha wa mwanangu ukadumu.

FundiVioo

Siku ngapi dada?

Dada_Mshale

Hadi alipokohoa.

Simba_wa_Zamu

Jamani, kuhusu yule jamaa…

Mgeni_Jana

Namba nimeiona, asante fundi. Na vile vijipini vya pembeni vinavyoshika mkanda vinatolewaje bila kuruka? Kimoja kimesharuka, nadhani kiko chini ya kabati.

FundiVioo

Funika kwa kitambaa unapokibana, kisha toa taratibu. Kilichoruka kitafute kwa sumaku, usifagie kwanza.