Jaroslav Drobný: bingwa mmoja wa tenisi, bendera nne. Niandike ipi?

UdongoMwekundu:
Wakuu, napanga orodha ya mabingwa wa Wimbledon wa enzi ya ridhaa, yaani kabla ya wachezaji wa kulipwa kuruhusiwa. Nikifika kwa Drobný nakwama: mara Chekoslovakia, mara Misri, mara Uingereza. Na ile mechi yake ya 1953 dhidi ya Budge Patty, ilifikaje gemu 93?

SevuNaWavu:
Fuata mwaka wa mashindano, achana na mahali alipozaliwa. Alizaliwa Prague 1921, na Wimbledon yake ya kwanza, 1938, aliichezea Chekoslovakia. 1939 Wajerumani walishaikalia nchi, ndiyo maana mwaka huo utamkuta chini ya Bohemia na Moravia, jina la eneo la Wacheki chini ya Wajerumani. Baada ya vita ni Chekoslovakia tena, hadi Julai 1949: akiwa mashindanoni Gstaad, Uswisi, yeye na mchezaji mwenzake Vladimír Černík wakakataa kurudi nyumbani. Misri ndiyo iliyompokea na kumpa uraia. Kwa hiyo ubingwa wa Ufaransa wa 1951 na 1952, na Wimbledon ya 1954, vyote andika Misri. Ukiandika Chekoslovakia umewanyima Wamisri bingwa wao pekee wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja. Uingereza aliichezea mwishoni kabisa, 1960.

SetiYaTano:
Kuhusu gemu 93: taibreki, ile gemu fupi ya kuamua seti, haikuwepo; Wimbledon iliianza 1971. Seti iliendelea mpaka mmoja amzidi mwenzake gemu mbili. Kwenye nyasi, mwenye sevu kali (mpira wa kuanzisha pointi) anayekimbilia wavuni hapokonywi kirahisi gemu anayosevu, basi hesabu inapanda tu. Matokeo: 8-6, 16-18, 3-6, 8-6, 12-10. Patty alipata pointi sita za kumaliza mechi, tatu seti ya nne na tatu ya tano. Drobný akaziokoa zote! Ila mguu wake uliumia, na Kurt Nielsen akamtoa nusu fainali.

UdongoMwekundu:
Ahsante sana. Na 1954 niweke nini kwenye safu ya zawadi?

SevuNaWavu:
Iache tupu. Wimbledon ilianza kutoa zawadi za fedha 1968. Kwenye safu ya maelezo weka kwamba alipangwa nafasi ya 11 kwa ubora kabla ya mashindano, akawatoa Lew Hoad na Patty, kisha fainali akamfunga Ken Rosewall 13-11, 4-6, 6-2, 9-7. Ongeza kwamba alichezea mkono wa kushoto, na hoki ya barafu: medali ya fedha ya Olimpiki, 1948. Ile miwani aliyochezea inatokana na jicho lililoumia kwenye hoki.