Kihispania: hablé au hablaré? Wakati ujao unanichanganya

mgeni_wa_lugha
Wakuu habari, nimekwama. Najifunza Kihispania mwenyewe kwa simu, mwezi wa pili sasa, wakati uliopo naumudu: hablar (kuongea) inakuwa hablo, hablas, habla, unakata -ar unaweka mwisho wake basi. Sasa jana nikamwandikia jamaa ninayechati naye "mañana hablé con mi profesora", nikijua nimesema kesho nitaongea na mwalimu wangu, akacheka weee halafu akaniuliza kesho hiyo ya mwaka gani. Kwani -é si ndo mwisho wa wakati ujao kwa "mimi"? Na -ar, -er, -ir kila moja ina orodha yake tena?

pweza_mtulivu
Hahaha pole mkuu, umemwambia "kesho niliongea". Mwisho uko sawa, kosa ni kukata. Wakati ujao hukati kitu, unachukua kitenzi kizima na -ar yake unabandika mkiani: hablar, hablaré. Ukiikata inabaki hablé, na hiyo ni ya wakati uliopita.

Fikiria sisi na "kula". Kusoma tunaiacha ku, nitasoma, ila kula hakuna anayesema "nitala", ku inabaki palepale, nitakula. Basi kwenye wakati ujao vitenzi vyao ni ukoo wa kula.

Orodha ni moja kwa zote tatu: -é, -ás, -á, -emos, -éis, -án. Hablaré, comeré, viviré. Hiyo -éis ni ya vosotros (nyinyi), wanaitumia Hispania, Amerika ya Kusini kwa nyinyi utasikia ustedes hablarán tu. Hata ser (kuwa) na ir (kwenda) zinazotesa watu kwenye wakati uliopo (soy, voy, sijui eres) huku zimetulia kabisa, seré, iré.

nukta_juu
Alama za mkazo usizidharau, zote zinayo kasoro -emos. Hablará ni "ataongea", ukiandika hablara bila alama umehamia kwenye mambo ya "kama angeongea". Kwenye simu bonyeza herufi uishikilie kidogo zitatokea.

mgeni_wa_lugha
Daah ya kula imeniingia. Ila nimeona mahali tendré, si tener (kuwa na) hiyo? Mbona hapo imekatwa?

pweza_mtulivu
Hizo ni chache zilizopinda shina: tener tendré, salir saldré, poder podré, hacer haré, decir diré. Miisho ni ileile, kwa hiyo unakariri shina tu. Usianze nazo leo.

nukta_juu
Halafu kwenye maongezi ya kawaida wanapenda zaidi voy a hablar (naenda kuongea), ukikwama kimbilia hiyo. Ila hablaré usiiache, maana wanaitumia pia kubahatisha, kama sisi tu. Unamuuliza mtu saa ngapi anakwambia "serán las tres", yaani itakuwa saa tisa hivi, hajaangalia saa. Estará en casa, atakuwa nyumbani. Wanafunzi wengi hapa wanahangaika sana ila sisi tunayo tayari mdomoni.

mgeni_wa_lugha
Asanteni sana. Nimemtumia upya "mañana hablaré con mi profesora", na alama juu. Kimya mpaka sasa. Estará durmiendo, atakuwa amelala 😂